Nakala moja Kisii, nyingine Nyamira

Wasee, kuna kitu nimewaficha tangu mvua ndefu ianze. Mimi, huyu huyu huwa nawahubiria kwa video "hifadhi kazi yako", nusura nipoteze miaka 6 ya kazi na sauti ya mtu ambaye hayuko tena. Hakuna mwizi aliingia. Hakuna mdukuzi. Ilikuwa ni mimi, bisibisi, na ujuaji mwingi.

Nimekaa na aibu yangu vya kutosha. Leo natema, kwa sababu naona wengi wetu tunaishi hivyo hivyo: kumbukumbu za familia nzima ziko kwa kifaa kimoja, kwa nyumba moja, na paswadi iko kwa kichwa cha mtu mmoja. Kwetu huyo mtu nilikuwa mimi. Na nilikuwa najisikia sana.

Kisanduku juu ya kabati

Tunaishi Mwembe, hapa Kisii mjini. Juu ya kabati la sebuleni, kando ya rauta, kuna kisanduku cheusi saizi ya mkate. Kinaitwa NAS. Usiogope jina. Ni kama diski ya kompyuta iliyoamua kukodi chumba chake: inakaa peke yake, imechomekwa kwa rauta, na kila mtu kwa nyumba anaingiza picha na video zake kupitia Wi-Fi bila kuzunguka na fleshi. Changu kina nafasi ya diski mbili. Nilikinunua mtumba 2019 na pesa ya harusi yangu ya kwanza. Ya kupiga video, si ya kuolewa.

Ndani mna kila kitu. Harusi za Suneka, Ogembo na Nyansiongo. Matanga, tena mengi, kwa sababu huku kwetu mtu wa kamera huitwa kwa mazishi kuliko kwa harusi. Mechi za Shabana hapa Gusii Stadium, kuanzia ile 2023 waliporudi Ligi Kuu baada ya miaka 17 na mji mzima ukapoteza sauti. Picha za Mathe akiwa msichana, ambazo niliziskani moja moja. Vyeti vya kila mtu.

Halafu kuna folda moja inaitwa SOKORO. Kwa wale si wa huku, sokoro ni babu, magokoro ni nyanya. Babu yangu alikuwa anapiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi 8 chenye sauti nzito inayokutetemesha kifua. 2021 nilimrekodi nyumbani kwake karibu na Kebirigo, kule Nyamira, amekaa kwa kigoda nje ya nyumba, anapiga na kuimba kwa Ekegusii, dakika 11. Mwaka jana akatuacha. Hakuna mjukuu hata mmoja aliyejifunza obokano. Mimi nilijifunza kamera.

Kwa hivyo unaelewa hiyo folda ni nini kwetu.

Kioo

Zile diski mbili nilikuwa nimeziweka kwa mtindo unaoitwa RAID 1. Maana yake ni kwamba kila faili linaandikwa kwa diski zote mbili kwa wakati mmoja, kama mtu na kioo chake. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi kama hakuna kitu kimefanyika. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mimi na wewe: 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, waliandika kwamba diski nyingi za bei rahisi zikipangwa vizuri zinaweza kushinda diski moja kubwa ya bei ghali. Walikuwa sawa. Karibu kila seva kubwa unayotumia leo iko na wazo hilo ndani.

Lakini mimi nilikuwa nikiulizwa "uko na nakala?" najibu "bila shaka, ziko diski mbili." Huo ulikuwa uongo, hata kama sikujua nadanganya. Kioo si nakala. Ukijikata mdomo ukinyoa, yule wa kwenye kioo naye anavuja damu. Ukifuta faili hapa, linafutika na kule, sekunde hiyo hiyo. Juni 2021, watu wengi duniani waliokuwa na vifaa vya WD My Book Live waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa kupitia intaneti. Wenye kile cha diski mbili hawakupona. Amri ya kufuta haiulizi uko na diski ngapi.

RAID inakusaidia kazi isisimame diski moja ikifa. Basi. Haikukingi na mwizi, moto, virusi, radi, au mtu mjuaji mwenye bisibisi.

Makosa matatu

La kwanza lilikuwa kupuuza. Februari taa ya kisanduku ilitoka kijani ikawa ya machungwa, na kikaanza kulia: pii, pii, pii. Mathe akaniita, "Hiyo kitu yako inalia." Nilifanya nini? Niliingia kwa mipangilio nikazima mlio. Nikarudi kuedit video. Diski ya pili ilikuwa inakufa na inaomba msaada, na mimi nikaiziba mdomo wiki tano nzima.

Kwa nini ilikuwa inakufa? Ilikuwa imezeeka tu, inazunguka usiku na mchana tangu 2019. Na stima haikusaidia. Wewe kama umeishi huku unajua radi zetu si mchezo. Mvua ya alasiri ikianza, taa zinafifia, zinapotea, zinarudi kwa kishindo, zinapotea tena. Mathe huchomoa TV na friji akiskia ngurumo ya kwanza tu. Kisanduku changu hakikuwahi kuchomolewa, wala hakikuwa na UPS, ile betri ya kukupa dakika chache uzime vitu kwa heshima.

La pili. Mwishowe nikaagiza diski mbili mpya za tera 4 kutoka Luthuli, Nairobi, zikaja na parseli ya matatu. Nilikuwa nimeona video moja mtandaoni nikaona nimehitimu. Nikazima kisanduku, nikatoa diski ZOTE mbili za zamani, nikaingiza mpya, nikawasha. Akili yangu iliniambia kisanduku kitakumbuka mafaili na kuyarudisha kwa diski mpya, kama vile simu mpya inavyorudisha watu wako wa WhatsApp.

Kikaniletea ukurasa wa kunikaribisha. Karibu, chagua lugha, tengeneza akaunti. Kama hatujawahi kujuana.

Kumbe kisanduku chenyewe hakina kumbukumbu. Mafaili yako kwa diski, na kwa vifaa vingi hata programu ya kukiendesha inakaa kwa diski hizo hizo. Ukizitoa zote, umebaki na boksi la plastiki lenye feni. Ukitaka kubadilisha diski za kioo, unabadilisha moja, unangoja ile mpya inakili kila kitu kutoka kwa ile iliyobaki, ndiyo unagusa ya pili. Na kabla hujatoa yoyote, unasoma siriali namba ili ujue ile mbovu ni gani. Mimi nilizitoa nikaziweka mezani bila hata alama ya kalamu.

Sawa, hapo bado sikuwa nimeharibu kitu. Nilizirudisha, nikabahatisha nafasi, na baada ya jasho kidogo kisanduku kikawaka. Kikasema diski moja imekufa, nyingine inasomeka, mafaili yote yapo. Nikaona folda ya SOKORO kwa macho yangu. Nikafungua. Babu akanipiga jicho lile lake. Nikapumua.

La tatu ndilo lililonimaliza. Sikizeni hili vizuri hata mkisahau mengine yote.

Wakati huo mafaili yalikuwa yanasomeka. Mezani nilikuwa na diski mbili mpya, tupu, za tera 4. Ningechukua moja, niichomeke kwa laptopu, ninakili kila kitu nje, nilale. Badala yake niliingiza diski mpya kwa nafasi ya ile iliyokufa nikabonyeza kitufe cha kurekebisha. Nilitaka ile taa irudi kijani. Nilitaka ushindi.

Ukibonyeza hicho kitufe, kisanduku kinaanza kusoma diski iliyobaki yote, mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika. Diski iliyojaa tera 2, ikisomwa kwa kasi nzuri ya megabaiti 150 kwa sekunde, hiyo ni karibu saa nne za kukimbia mfululizo. Na hiyo iliyobaki ilikuwa pacha wa ile iliyokufa: zimenunuliwa siku moja, zimezunguka saa sawa, zimepigwa na stima ile ile. Ni kama kumwambia mzee aliyezika pacha wake jana akimbie mpaka Keroka leo.

Ilifika asilimia 61. Ikakutana na sehemu zisizosomeka. Ikasimama. Taa zote mbili zikawa za machungwa, na kisanduku kikaniandikia kwamba hifadhi imeanguka.

Saa nne usiku. Nilikaa chini sakafuni.

"Sisto, hii haina kitu"

Asubuhi nilifunga diski kwa sweta nikaipeleka kwa duka moja la kompyuta mjini. Kijana wa hapo, mpole tu, akaichomeka kwa laptopu yake ya Windows. Papo hapo kikatokea kijidirisha: diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Akasema, "Sisto, hii haina kitu. Tuifomati?" Na mshale tayari uko juu ya kitufe.

Nilimshika mkono. Kwa nguvu. Watu wa foleni wakageuka.

Sina ubaya na yeye. Visanduku hivi vingi hutumia Linux ndani, na Windows ikiona diski iliyopangwa kwa mtindo wa Linux haiielewi, kwa hivyo inadhani ni tupu au imeharibika. Ni kama mtu asiyejua Ekegusii akiskia Magokoro anaongea aseme huyu mama hasemi kitu. Kama unatoa kitu kimoja tu hapa, toa hiki: diski ya NAS ikichomekwa kwa Windows na uulizwe kuhusu kufomati, jibu ni hapana, chomoa, toka.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu anayesoma Kisii University. Alikuja na laptopu kuukuu, fleshi yenye Ubuntu, adapta ya kuchomeka diski kwa USB, na UPS ya kuazima. Kitu cha kwanza aliniambia ni nisiguse chochote. Cha pili ni kwamba diski mgonjwa haichezewi: unatengeneza nakala yake nzima kwanza, halafu unafanyia kazi ile nakala.

Alitumia programu ya bure inaitwa GNU ddrescue. Hii kitu ni werevu. Inaanza kuchukua sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaruka zile mbovu, halafu inarudi kuzijaribu polepole mwishoni wakati kila kitu kizuri kimeshatoka. Na inaandika mahali ilipofika. Usiku wa kwanza stima ilipotea mara mbili, mara ya pili UPS ikaisha, na iliporudi programu ikaendelea pale pale ilipoachia. Sisi tulichoka kabla yake.

Usiku mbili. Ya tatu tukafungua ile nakala kwa njia ya kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika kitu. Folda zikaanza kujitokeza moja moja. Suneka. Ogembo. Shabana. Mathe msichana. Nilikuwa nalia na nacheka, rafiki yangu anakula ndizi.

Karibu kila kitu kilirudi. Mafaili 43 yalirudi yakiwa yameharibika. Matanga mawili, nusu ya harusi moja ambayo wenyewe kwa bahati walishapewa yao. Na video ya Sokoro. Ilifunguka, ikacheza dakika mbili na sekunde kumi, halafu picha ikagawanyika vipande vya kijani, sauti ikageuka mkwaruzo.

Anti

Sasa ngoja niwaambie ubaya wangu. Ukumbusho wa Sokoro ulikuwa umebaki wiki mbili. Familia ilikuwa imepanga video ichezwe kwa skrini chini ya tenti. Kwa grupu ya familia watu waliuliza, "Video iko sawa?" Na mimi nilijibu, "Iko sawa, msijali." Niliandika hivyo mara mbili. Niliona afadhali niseme uongo kuliko nikubali kwamba mtu wa kompyuta wa familia ameangusha kompyuta.

Siku nne kabla, nilipanda matatu hadi Nyamira, nikachukua boda hadi Kebirigo, nikamwambia anti yangu uso kwa uso. Yeye ndiye kitinda mimba wa Sokoro na huwezi kumdanganya ukiwa umeshika kikombe cha chai yake. Nikamweleza diski, kioo, asilimia 61, kila kitu. Akanisikiza mpaka mwisho.

Akasema, "Kwani si mimi niko nayo?"

2021, siku ile ile nilirekodi, nilikuwa nimeituma kwa grupu kwa vipande. Wengine wote waliangalia wakafuta kwa sababu simu zilijaa. Yeye hakufuta. Alipobadilisha simu akamwambia fundi ahamishie kwa memori kadi. Simu ya pili pia akahamisha. Hajui RAID ni nini. Alijua tu hataki kufuta sauti ya baba yake.

WhatsApp ilikuwa imeibana mpaka uso wa Sokoro una ukungu. Lakini dakika zote 11 zilikuwepo, na obokano ilikuwa inaskika vizuri, kila uzi.

Jumamosi tulicheza hiyo. Magokoro alikuwa mbele, kwa kiti cha plastiki, shali mabegani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema. Halafu akaniambia kwa Ekegusii kwamba huyo mzee hata hapo bado anachelewa kuanza ubeti wa pili, na alikuwa amemwambia miaka hamsini. Hakuna mtu aliuliza kwa nini picha ina ukungu.

Msimamo wangu

Kwa hivyo huu ndio msimamo wangu, na najua wengine watanipinga.

Sisi watu wa kontenti tumekosea mahali pa kuweka pesa. Nilikuwa na taa ya duara, maikrofoni mbili, lenzi ya tatu, na sikuwa na diski ya nje ya shilingi 10,000. Tunanunua vitu vya kutengeneza, hatununui vya kutunza, kwa sababu vya kutunza havionekani kwa video. Hakuna mtu anakupea laiki kwa sababu uko na nakala.

Na kubwa zaidi: kumbukumbu ya familia haifai kuwa kazi ya mtoto mmoja anayejua kompyuta. Ile siku nilinunua kisanduku, niliwaambia watu wote, "Nipeeni picha zenu, mimi nitatunza." Wakanipa. Wengine wakafuta zao. Nilidhani nawasaidia, kumbe nilikuwa nachukua nakala zilizotawanyika kwa simu kumi na kuzifanya kitu kimoja kinachoweza kufa. Kilichotuokoa ni yule mmoja ambaye hakuniamini mia kwa mia. Anti, asante.

Si sisi tu. Mwaka 1998, wakati Pixar wanatengeneza Toy Story 2, mtu alifuta sehemu kubwa ya filamu kwa amri moja, na nakala za kampuni zikakutwa hazifanyi kazi. Waliokolewa na mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na alifanyia kazi huko. Studio ya mamilioni ya dola, na kilichowatoa ni kompyuta iliyokuwa kwa nyumba ya mama mwenye mtoto.

Kuna watakaosema, "Weka kila kitu kwa wingu, ishia hapo." Wingu ni poa, na mimi niko nalo. Lakini tuseme ukweli. Google Photos ilikuwa ya bure bila kikomo mpaka 1 Juni 2021, sasa una giga 15 kwa akaunti nzima, zaidi ya hapo unalipa kila mwezi, milele. Na ukiwa na intaneti ya kupakia megabiti 10 kwa sekunde, tera moja inachukua siku 9 na zaidi bila kupumzika. Hiyo ni kama stima haipotei. Alafu 2019 MySpace ilikiri kwamba imepoteza nyimbo zilizopakiwa na watu kati ya 2003 na 2015, zaidi ya milioni 50. Walikuwa wanahamisha seva. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, na yeye pia ana bisibisi.

Wengine watasema, "Zangu ziko TikTok tayari." Akaunti ikifungwa kesho utamwambia nani?

Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwa aina 2 za vifaa, na 1 iwe mbali na nyumbani. Mimi naiita kanuni ya Keroka. Keroka ni mji mmoja lakini mguu mmoja uko Kisii, mwingine Nyamira, na kaunti mbili zinaugombania. Kumbukumbu zako ziwe hivyo. Nyumba moja ikiungua, ikiibiwa, ikipigwa na radi, mguu mwingine unasimama.

Kwetu sasa iko hivi. Kisanduku kimerudi na diski mbili mpya, kwa UPS, na mlio umewashwa kwa sauti ya juu. Kila mwisho wa mwezi nanakili kwa diski ya nje, halafu naichomoa kabisa, maana iliyochomolewa haipigwi na radi. Diski nyingine kama hiyo iko kwa anti Kebirigo, imefungwa kwa mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la nguo, na tunabadilishana kila mtu akisafiri. Vitu vidogo vya maana kabisa, yaani vyeti, picha za zamani na sauti ya Sokoro, viko pia kwa wingu. Paswadi imeandikwa kwa daftari, iko pamoja na vyeti vya Mathe. Na binamu yangu wa Form 3 anajua kufanya yote haya bila mimi. Nilimfanya afanye mara mbili nikiwa nimenyamaza, na kunyamaza ndiyo ilikuwa ngumu.

Na Desemba, wakati kila mtu amerudi nyumbani na hakuna nafasi ya kulala, tutachomoa diski ya anti, tuiwashe kwa kompyuta nyingine, tufungue mafaili kumi bila kuchagua. Yakifunguka, tuko na nakala. Yasipofunguka, tulikuwa na matumaini tu. Hiyo ndiyo njia pekee ya kujua, na ni afadhali ujue ukiwa na sahani ya wali mkononi kuliko ukiwa na ukumbusho wiki mbili mbele.

Kama sai kisanduku chako kina taa ya machungwa, usibonyeze kitu. Usibadilishe kitu. Kama mafaili bado yanasomeka, yanakili nje kwanza, usiku huu. Kurekebisha kutangoja.

Na kama huna kisanduku chochote, wewe ni simu tu, bado una la kufanya. Tafuta ile sauti moja kwa simu yako, ya mtu ambaye akienda haurudiwi tena kurekodi. Unamjua. Itume kwa mtu mmoja wa familia anayeishi nyumba nyingine, yule mkaidi ambaye hafuti kitu. Mwambie asifute.

Mimi wangu anaitwa anti. Wako ni nani?